Nani Alilipia Mbegu Yako ya Mtama?

Sisi wa nchi ya kati twaijua mvua yetu. Huja msimu mmoja tu kwa mwaka, kati ya Desemba na Aprili, nayo haifiki sana. Tena mara nyingi hunyesha wiki mbili tatu kisha ikatoroka, na mkulima akabaki kutazama mawingu. Hapo ndipo mahindi hunyauka, lakini mtama hukunja majani yake, hupunguza kukua, hungoja. Mvua ikirudi, nao huendelea na safari yake. Mambo hayo mtu wa Bahi, wa Chamwino au wa Kongwa hahitaji kufundishwa, maana aliyaona kwa wazee wake.

Lakini liko swali moja ambalo twajiuliza mara chache. Mbegu ile uliyopanda mwaka huu, ile fupi ya punje nyeupe inayoiva mapema, ilitoka wapi? Na gharama ya kuitafuta ilitoka mfukoni mwa nani? Usijibu upesi kwamba uliipata kwa jirani. Jirani naye aliipata mahali, na huko mwanzo kabisa walikuwako watu waliofanya kazi miaka mingi, na mtu aliyewalipa mishahara yao. Swali hili lina uzito kwa mkulima, maana anayelipa ndiye achaguaye kazi ya kufanywa, tena ndiye awezaye kuikomesha.

MBEGU HAZIKUSHUKA KUTOKA MBINGUNI

Wazee wengi watakumbuka mbegu iitwayo Serena. Ilitoka katika kituo cha Serere, nchini Uganda, ambako Mwingereza Hugh Doggett na wenzake walifanya uchunguzi wa mtama kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima. Miaka ya 1960 Serena ilienea hata kwetu. Iliiva mapema, na ndege hawakuipenda sana kwa sababu punje yake ni ya kahawia na ina uchungu. Lakini uchungu ule ule waliokimbia ndege uliingia katika ugali, na kina mama wakalalamika. Basi kazi ikabaki: kupata mbegu nyeupe, tamu, inayoiva kabla mvua haijaondoka.

Kazi hiyo ilifanywa baadaye na watafiti wetu, pamoja na taasisi ya ICRISAT yenye makao yake India. Kwa ajili ya nchi za kusini mwa Afrika ilikuwako programu kubwa ya mtama na uwele, yenye kituo Matopos, Zimbabwe. Humo ndimo ilimotoka njia ya mbegu kama Pato, iliyotolewa Tanzania mwaka 1995, na Macia, iliyotolewa hapa mwaka 1999. Programu ile iliendeshwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za msaada wa Marekani, kupitia shirika la USAID. Mwaka 2003 ikafungwa.

Sasa tazama na kiduha, lile gugu lenye ua dogo jekundu au la zambarau ambalo hunyonya mizizi ya mtama chini ya udongo kabla halijaonekana juu. Ukilikuta limechanua, mtama umekwisha kuibiwa. Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, alitafuta kwa miaka mingi mtama usioliita kiduha. Maana mbegu ya kiduha hulala udongoni miaka na miaka, na huamka tu inapopata dalili kutoka mzizi wa mmea inaoutaka. Mtama wake hautoi dalili hiyo kwa nguvu. Kutokana na kazi hiyo Tanzania ilipata mwaka 2002 mbegu mbili, Wahi na Hakika. Mwaka 2009 Ejeta alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Huko nako fedha zilikuwa hasa za watu wa mbali.

Hatuyasemi haya kwa kuwadharau waliotusaidia. Twawashukuru sana. Lakini msaada una mwenyewe, na mwenyewe akibadili shauri, kazi husimama. Kupata mbegu moja mpya huchukua miaka minane, pengine kumi, tangu kuchanganya mbegu mama na mbegu baba hata kumkabidhi mkulima. Msaada wa miaka mitatu huishia njiani.

KWA NINI MFANYABIASHARA HALIPI

Utauliza: mbona mbegu za mahindi hutafutwa na makampuni kwa fedha zao wenyewe? Jibu ni rahisi. Mbegu nyingi za mahindi ya dukani ni chotara. Ukizivuna na kuzipanda tena, hazirudii sifa zake, hivyo kila mwaka mkulima hurudi dukani. Mtama wetu si hivyo. Mtama kama Macia hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, na mkulima akichagua masuke mazuri aweza kupanda mbegu yake misimu kadhaa. Hiyo ni neema kwa mkulima maskini, lakini kwa mwuza mbegu ni hasara. Atatumiaje miaka kumi kutengeneza kitu ambacho utanunua mara moja, kisha ukawagawia jirani zako bure?

Kwa hiyo mbegu ya mtama ni kama kisima cha kijiji. Kila mtu hufaidi, lakini hakuna mmoja atakayekichimba peke yake kwa fedha zake. Wabakio ni wawili tu: serikali, au wakulima wenyewe wakiunganisha senti zao. Serikali yetu inayo Taasisi ya Utafiti wa Kilimo, TARI, yenye makao makuu Makutupora, na kituo chake cha Hombolo, hapa hapa Dodoma, kinashughulika na mtama na uwele. Kazi wanaifanya. Lakini bajeti ya serikali ina milango mingi ya kugongwa, na mtama haugongi kwa sauti kubwa.

WAKULIMA WA MAREKANI WALIVYOFANYA

Huko Marekani mtama hulimwa hasa katika majimbo ya Kansas na Texas, nchi kavu yenye upepo, inayofanana na kwetu kwa uhaba wa mvua ingawa si kwa ukubwa wa mashamba. Wakulima wale waliona mahindi na soya yakiwatangulia, kwa sababu yalikuwa na fedha za uchunguzi na mtama hauna. Basi mwaka 2008 ukaanzishwa mchango wa wakulima wa mtama wa nchi nzima. Mkulima akiuza mtama, mnunuzi wa kwanza hukata asilimia 0.6 ya thamani ya mauzo na kuipeleka katika mfuko wao. Ofisi ya mfuko iko Lubbock, Texas, na bodi yake ni ya wakulima wenyewe.

Mfuko hulipia mambo matatu hasa: uchunguzi wa mbegu na wadudu, kutafuta wanunuzi ndani na nje ya nchi, na kuwafundisha wakulima. Na sheria imeweka mipaka miwili ambayo yafaa tuitazame vema. Kwanza, wakulima huulizwa kwa kura kama wataka mchango uendelee. Waliulizwa mwaka 2011, na tena mwaka 2021, na mara zote mbili wengi walikubali. Pili, fedha za mfuko haziruhusiwi kutumika kuishawishi serikali. Kazi ya kusema na wakubwa ni ya chama kingine cha wakulima, chenye ada yake ya hiari.

Kazi hiyo ya kusema ilihitajiwa sana mwaka 2018. Tangu mwaka 2013 China ilikuwa imeanza kununua mtama wa Marekani kwa wingi, kwa kulisha nguruwe na bata na kwa kutengeneza pombe kali. Mwezi wa Aprili 2018, nchi hizo mbili zikigombana juu ya biashara, China iliwatoza waagizaji dhamana ya asilimia 178.6 juu ya mtama huo. Meli zilizokuwa baharini zimejaa mtama zikageuza njia kutafuta wanunuzi wengine, na bei ikaanguka. Mwezi mmoja baadaye, baada ya mazungumzo, China ikaiondoa dhamana ile. Twajifunza nini? Kwamba soko la mnunuzi mmoja laweza kufungwa usiku mmoja, hata kwa mkulima tajiri. Mkulima aliyejiunga na wenzake ana wa kumsemea siku hiyo. Aliye peke yake hana.

SI MAMBO YA WAZUNGU TU

Pengine mtu atasema kwamba hayo ni ya wenye matrekta. Sivyo. Hapa Tanzania wakulima wa kahawa wamefanya hivyo. Kituo cha Lyamungu, Kilimanjaro, kilikuwa cha serikali tangu miaka ya 1930. Mwaka 2001 kazi yake ilichukuliwa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, iliyo mali ya wadau wa kahawa wenyewe. Jumuiya ya Ulaya ilisaidia sana kwa fedha mwanzoni, na wadau wakakubali kukatwa asilimia 0.75 ya mauzo ya kahawa kwa ajili ya utafiti.

Matunda yake yalionekana. Mibuni ya zamani ilisumbuliwa na chulebuni na kutu ya majani, na mkulima alipiga dawa mara kwa mara hata faida ikaishia dukani. Taasisi ikatoa aina za mibuni zinazostahimili magonjwa hayo, na miche ikazalishwa katika vitalu vya vikundi vijijini. Chai nayo ina taasisi yake, na tumbaku ina yake huko Tabora. Mtama, chakula cha nchi kavu nzima, hauna.

SOKO BILA MSEMAJI

Wengine husema mtama hauna soko. Neno hilo si kweli tena. Kampuni ya bia ya TBL hununua mtama mweupe wa wakulima wetu. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limepata kununua mtama kwa wakulima wadogo wa Dodoma. Uganda, tangu mwaka 2002, bia iitwayo Eagle imetengenezwa kwa mtama mweupe wa aina ya Epuripur, iliyotoka Serere ile ile.

Kweli yenyewe ni kwamba soko lipo, ila lina masharti, tena ladhoofika upesi. Mnunuzi mkubwa ataka mtama wa aina moja, mkavu, usio na mchanga, na mzigo wa kujaza lori. Sisi tunamwonyesha madebe kumi ya huyu meupe, matano ya yule mekundu, yaliyopurwa juu ya udongo. Ndipo huja mchuuzi na mizani yake, au bila mizani, akajaza gunia hata likaota kilemba, akalipa bei aliyoipanga njiani.

Sikiliza na yaliyowapata majirani zetu wa Kenya. Tangu mwaka 2004 serikali yao ilisamehe kodi bia ya bei nafuu iitwayo Senator, kusudi watu waache pombe haramu. Baadaye bia hiyo ikatengenezwa kwa mtama aina ya Gadam, na wakulima wa nchi kavu ya mashariki wakalima kwa wingi. Mwaka 2013 serikali ikapunguza msamaha ule hadi nusu. Bei ya bia ikapanda, mauzo yakaanguka vibaya, na wakulima wakabaki na mtama nyumbani. Miaka miwili baadaye msamaha ukarudishwa kwa sehemu kubwa. Wakulima hawakuulizwa lilipoondolewa, ingawa mzigo uliwaangukia wao.

Hata sisi tuliyaona. Miaka ya 1970 serikali ilihimiza mazao ya kustahimili ukame, na Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, likanunua mtama mwingi. Kisha likashindwa kuuza, kwa sababu watu wa mijini walitaka sembe. Kulima kulihimizwa, lakini kumtafuta mlaji kulisahauliwa.

MBONA TUNALIPA USHURU?

Hapa najua msomaji mwenye busara atanikatiza: "Tumechoka na makato. Kwenye geti tunalipa ushuru wa mazao. Mchango mwingine wa nini?"

Neno lake ni la haki, na lajibiwa hivi. Ushuru wa mazao ni wa halmashauri, kwa matumizi ya halmashauri. Kabla ya mwaka 2017 uliweza kufika asilimia 5. Mwaka huo ulipunguzwa hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kwenda wilaya nyingine akasamehewa. Kisheria mnunuzi ndiye mlipaji, lakini twajua kwamba huuhesabu katika bei anayokupa. Fedha hiyo haiendi kutafuta mbegu wala soko la mtama. Ni kodi, na kodi ni wajibu, lakini si mfuko wa zao.

Tena yafaa tuwe na hadhari. Wakulima wa korosho wa kusini walikuwa na utaratibu ambao sehemu kubwa ya ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje, asilimia 65, ilirudi kuendeleza zao, utafiti ukiwemo. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, fedha zote ziingie Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipinga kwa nguvu humu Dodoma, lakini badiliko likapita. Kwa hiyo mchango usiojulikana wazi ni wa nani waweza kuchukuliwa na mwenye nguvu. Kabla ya kukubali senti moja ya mfuko wowote, mkulima aulize maswali matatu: Ni nani anayekata? Ni nani anayeshika? Ni nani atakayenionyesha hesabu, na lini?

TUANZIE WAPI

Kahawa ni rahisi kukatwa, maana nyingi huuzwa kwa njia rasmi, mnada ukiwemo. Mtama wetu mwingi huliwa nyumbani, na unaouzwa huuzwa debe kwa debe. Huwezi kumkata mjane anayeuza debe moja ili anunue daftari za watoto, wala haifai. Mfuko wa mtama waweza kusimama tu pale mtama unapokusanywa pamoja, ukapimwa kwa mizani na kuandikwa. Hiyo ndiyo kazi ya chama cha ushirika cha mazao na ghala. Sheria ya stakabadhi za ghala ipo tangu mwaka 2005, na ufuta, mbaazi na dengu zimekwisha kuuzwa kwa njia hiyo. Sheria ya mwaka 2009 nayo iliweka Mamlaka ya Usimamizi wa Nafaka na Mazao Mengineyo. Mtama umo katika nafaka. Milango ya kugonga, basi, ipo.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme, kwa mfano tu, kilo moja yauzwa shilingi 600. Gunia la kilo 100 ni shilingi 60,000. Asilimia 0.6, kama ile ya Marekani, ni shilingi 360 kwa gunia. Kijiji chenye nyumba 200, kila nyumba ikiuza magunia matano, kitapata shilingi 360,000. Fedha hiyo haiwezi kumlipa mtafiti. Lakini yaweza kununua maturubai ya kupuria, au kusaidia kununua mizani ya kijiji. Vijiji 100 vya namna hiyo vitapata shilingi 36,000,000 kila mwaka, na hapo waweza kukaa meza moja na Hombolo mkasema: twataka mtama mweupe usiopendwa na kwelea kwelea, twataka unaoshinda kiduha cha udongo wetu, na hii ndiyo sehemu yetu ya gharama.

Wakati tunangoja siku hiyo, yako mambo ambayo kikundi cha kijiji chaweza kuanza msimu huu. Mkubaliane aina moja ya mtama kwa kijiji kizima. Mwulizeni Bwana Shamba habari za mbegu za daraja la kuazimiwa, ambazo wakulima wenyewe huruhusiwa kuzizalisha chini ya ukaguzi wa TOSCI na kuwauzia wenzao. Mpure juu ya turubai. Mpime kwa mizani iliyokaguliwa, mwuze pamoja, na mwandike katika daftari kila gunia na bei yake. Kijiji chenye daftari chaweza kubishana na mnunuzi, kisicho nalo hukubali tu.

Kati yetu hakuna asiyejua chama cha kufa na kuzikana. Kila nyumba hutoa kidogo kabla msiba haujaingia, na siku ya msiba sanda haitafutwi kwa mkopo. Mweka hazina twamjua, daftari lasomwa mbele ya wote, na anayeficha senti aulizwa hadharani. Hatukuyajifunza hayo Marekani. Kama twaweza kuwatunza wafu wetu kwa utaratibu mzuri hivyo, zao linalolisha walio hai lastahili utaratibu uo huo. Katika mkutano wa kijiji ujao, wakiisha kusema juu ya barabara na zahanati, mtu mmoja na asimame aulize juu ya mtama.